Anayetaka kusoma Kiakadi aanzie wapi?

Mwaka 1857 watu wanne, kila mmoja peke yake, walitafsiri maandishi yaleyale ya mfalme Tiglath-Pileser wa Kwanza wa Ashuru, kisha kazi zao zikafikishwa kwa Royal Asiatic Society ya London zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Walikuwa Henry Rawlinson, Edward Hincks, William Henry Fox Talbot na Jules Oppert. Siku hizo walikuwapo wasomi wengi waliotilia shaka madai kwamba mwandiko wa kikabari umeanza kusomeka. Walihisi kila mtaalamu anabuni maana aitakayo. Kamati ilipozifungua tafsiri hizo na kuzilinganisha, ilikuta kwamba zinaafikiana katika mambo ya msingi, ingawa zilipishana hapa na pale. Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru iliyokuwa imenyamaza kwa karne zipatazo 17, kikahesabiwa tangu hapo kuwa kimefumbuliwa. Waliokuwa na shaka hawakushawishiwa na sifa za wale wanne wala vyeo vyao. Walishawishiwa kwa sababu kazi ya mmoja iliweza kukaguliwa kwa kazi ya mwenzake.

Kipimo hicho cha 1857 ndicho ninachokiona kinamfaa mtu wa leo anayetafuta nyenzo za kujifunza Kiakadi. Nyenzo hazikosekani. Ukiwa na simu na intaneti unaweza kupata kamusi kubwa kuliko zote za lugha hiyo, picha za vibao vya udongo kutoka makumbusho ya nchi nyingi, vitabu vya sarufi vya karne ya 19, video, programu za kutafsiri na orodha zisizo na mwisho za alama. Wingi huo wenyewe ndio unaowapoteza wanaoanza. Mtu hupakua vitabu ishirini, akafungua cha kwanza, akakutana na jedwali la alama 300, akachoka kabla hajasoma sentensi moja. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila nyenzo ni moja: je, inaniwezesha kukagua? Inanionyesha kilichoandikwa kwenye udongo, jinsi kilivyonukuliwa kwa herufi za Kilatini, umbo la neno kisarufi na sababu ya kulitafsiri hivyo? Nyenzo inayoficha hatua mojawapo inamtaka mwanafunzi aamini tu, na katika lugha hii kuamini tu ni hatari kubwa.

Hatari hiyo inatokana na namna Kiakadi kilivyoandikwa. Kiliandikwa kuanzia milenia ya tatu KK hadi karne ya kwanza BK, kwa mwandiko ambao Waakadi waliupokea kwa majirani zao Wasumeri, watu wa lugha isiyo na undugu wowote na yao. Alama moja ikabeba kazi nyingi. Alama ile ile inaweza kusomwa kama silabi an, au silabi il. Inaweza kusimama kwa neno zima ilum, yaani mungu, au šamû, yaani mbingu. Tena inaweza isitamkwe kabisa, ikatangulia tu jina la mungu ili kumjulisha msomaji kwamba linalofuata ni jina la aina hiyo. Muktadha ndio unaoamua. Ndiyo maana orodha ya alama peke yake haifundishi kusoma, hata ikiwa bora kama kitabu cha alama cha René Labat cha 1948 au kile cha Rykle Borger kilichotoka miaka ya mwanzo ya karne hii. Hivyo ni vitabu vya kuangalizia ukishakwama, na aliyeanza leo bado hajafika mahali pa kukwamia.

Hapa ndipo panapozuka ubishi wa kwanza, nao una uzito: vitabu vya zamani ni bure, kwa nini tusianze navyo? Sarufi ya Friedrich Delitzsch ya 1889 na First Steps in Assyrian cha Leonard King cha 1898 vinapatikana mtandaoni bila malipo, vimeandikwa na watu waliobobea, na King alikusudia hasa wanaoanza. Katika lugha kama Kilatini, sarufi ya mwaka 1889 bado ingekutumikia vizuri. Kiakadi hakiko hivyo, kwa sababu vitabu hivyo vilitangulia sehemu kubwa ya ushahidi wenyewe. Vilitegemea zaidi vibao vya Ninawi vilivyochimbwa katikati ya karne ya 19, ambavyo ni vya zama za mwisho za Ashuru. Nguzo ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, ilipatikana Susa, nchini Uajemi, mwaka 1901 na 1902. Hifadhi ya barua za ikulu ya Mari, nchini Syria, ilianza kufukuliwa miaka ya 1930. Hata jina la shujaa mashuhuri kuliko wote wa fasihi ya Babeli lilisomwa vibaya kwa muda mrefu: George Smith, aliyetangaza mwaka 1872 kwamba amekuta habari za gharika kwenye kibao cha Ninawi, alimwita shujaa huyo Izdubar, na ilipita karibu miaka ishirini kabla Theophilus Pinches hajaonyesha kwamba linasomwa Gilgamesh.

Ipo kasoro nyingine ya vitabu hivyo ambayo mwanafunzi huigundua akiwa amechelewa. Kwa kuwa alama nyingi tofauti zinasomwa kwa sauti moja, wataalamu wa leo hutofautisha u ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea kwa namba ndogo na mikazo. Utaratibu huo uliwekwa sawa na Mfaransa François Thureau-Dangin mwaka 1926. Aliyejifunza kunukuu kwa vitabu vilivyotangulia hapo hawezi kuoanisha alichojifunza na kamusi au hifadhi za kisasa bila kuanza upya. Sisemi vitabu hivyo vitupwe. Michoro ya vibao iliyochorwa na wataalamu wa wakati ule bado ni hazina, na anayeandika historia ya taaluma hii hawezi kuvikwepa. Ila fedha anayookoa anayeanza kwa vitabu vya bure anailipa kwa muda, na malipo hayo ni makubwa kuliko bei ya kitabu kimoja kizuri.

Kitabu hicho kimoja, kwa maoni yangu, ni A Grammar of Akkadian cha John Huehnergard, kilichotoka kwanza 1997 na kufikia toleo la tatu mwaka 2011. Kina masomo 38. Kila somo lina sarufi, msamiati, alama chache mpya na mazoezi, na kadiri unavyosonga mbele ndivyo mazoezi yanavyotoka kwenye maandishi halisi: sheria, mikataba, barua, ubashiri wa maini ya kondoo. Sifa yake kubwa kwa mtu asiye na mwalimu ni kwamba kina kitabu pacha cha majibu. Unafanya zoezi, unafungua majibu, unaona ulipokosea. Ni kipimo kilekile cha 1857, sasa kikiwa mikononi mwa mtu mmoja chumbani kwake. Kitabu cha Richard Caplice kilichochapishwa Roma ni chembamba na kizuri, ila naona kinamfaa zaidi mwenye mwalimu wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Complete Babylonian cha Martin Worthington, cha mwaka 2010, kiliandikwa kwa ajili ya anayejisomea na kina lugha nyepesi. Kinaahirisha alama za kikabari na kumwingiza msomaji kwenye lugha kupitia herufi za Kilatini. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni njia ya mkato. Mimi sioni ubaya, mradi msomaji ajue kwamba amepewa hatua ya pili na ya tatu, na ya kwanza bado inamngoja.

Vitabu hivyo huanza na Kibabeli cha Kale, lugha ya zama za Hammurabi, katika karne ya 18 KK. Wengi huona hilo linawachelewesha, maana wamevutwa na utenzi wa Gilgamesh, na toleo lake linalojulikana zaidi limeandikwa kwa lahaja ya kifasihi ya baadaye. Lakini katika Kibabeli cha Kale viishio vya maneno bado vimesimama imara: awīlum ni mtu anayetenda, awīlam ni mtu anayetendwa, awīlim ni mtu mwenye kitu. Karne zilivyopita, ile m ya mwisho ilidondoka na viishio vikaanza kuchanganyika, hata waandishi wenyewe wakawa hawavizingatii. Anayeanzia huko mwisho hujifunza lugha iliyokwisha kulegea bila kujua ilikuwaje ilipokaza. Sheria za Hammurabi zina faida nyingine tena: karibu kila kifungu huanza kwa neno šumma, “ikiwa”, muundo hujirudia mara kwa mara, na mwanafunzi wa miezi michache anaweza kuusoma ukurasa mzima akielewa anachosoma.

Msomaji wa Kiswahili ana mahali pa kushika, naye asidharau hilo. Kiakadi ni lugha ya Kisemiti, ndugu wa mbali wa Kiarabu, na maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yana jamaa zake huko: damu ni damum, mauti ni mūtum, saba ni sebe, nafsi imo ndani ya napištum. Rehema ina ndugu yake rēmum, na hapo unaona kanuni inayofanya kazi, kwa sababu Kiakadi kilipoteza sauti nyingi za kooni, na zilipoondoka mara nyingi ziliiacha irabu a imegeuka e. Mnyambuliko wa vitenzi nao hautamshangaza mtu aliyezoea kwamba piga huzaa pigwa na pigana: maḫāṣum ni kupiga, mitḫuṣum ni kupigana. Lakini kufanana huku kuna mitego. Šarrum linaelekea kufanana na shari, ilhali maana yake ni mfalme. Anayekisia maana kwa sikio atajenga tafsiri nzima juu ya neno ambalo halikuwapo.

Kwa wale wengi wa pwani yetu na wa Ghuba wanaosoma Kiarabu vizuri kuliko Kijerumani, upo mlango ambao vitabu vya Ulaya havisemi habari zake. Iraki, nchi yenyewe iliyozaa lugha hii, ina wataalamu wake. Taha Baqir aliifasiri Gilgamesh kwa Kiarabu. Amir Sulaiman wa Mosul na Fawzi Rashid waliandika sarufi za Kiakadi kwa Kiarabu. Katika sarufi ya namna hiyo, mambo yanayochukua kurasa nyingi kumweleza Mwingereza, kama mzizi wa konsonanti tatu na hali za nomino, msomaji tayari anayafahamu kwa nahau aliyoisoma madrasa. Ningemshauri mtu wa aina hiyo awe na vitabu viwili mezani, cha Kiarabu cha kueleza na cha Huehnergard cha mazoezi.

Kamusi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii. Mwaka 1921 James Henry Breasted alianzisha katika Chuo Kikuu cha Chicago mradi wa kamusi ya Kiashuru. Wakakusanya kadi karibu milioni 2, kila kadi ikiwa na neno na mahali lilipotumika. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1956, na kazi ikatangazwa kukamilika mwaka 2011, miaka 90 baada ya kuanza, chini ya uhariri wa Martha Roth. Ni juzuu 21, nazo zote zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya chuo hicho. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba haikupi maana na kunyamaza. Chini ya kila maana huorodhesha sentensi zenyewe kutoka kwenye barua, mikataba na tenzi, zikiwa zimenukuliwa na kutafsiriwa, na kutaja zilikotoka. Mtu anaweza kukaa jioni nzima na neno moja akaona linavyotembea kutoka sokoni hadi hekaluni. Ukiiweka kando ya Concise Dictionary of Akkadian ya Jeremy Black, Andrew George na Nicholas Postgate, ambayo ni juzuu moja na inabebeka kirahisi, tofauti inaonekana: ile ndogo inajibu haraka, kubwa inatoa ushahidi. Anayeanza atumie ndogo kwa mazoezi ya kila siku, na kubwa pale anapotaka kujua kwa nini.

Hata hivyo kamusi ya Chicago nayo ina umri, tena usio sawa. Juzuu hazikutoka kwa mpangilio wa alfabeti; ya kwanza kutoka ilikuwa ya herufi Ḫ, na ya mwisho ilikuwa ya U na W. Kwa hiyo baina ya neno moja na jingine ndani ya kamusi hiyohiyo kuna zaidi ya nusu karne ya uchimbaji na uchapishaji. Wataalamu hulinganisha daima na kamusi ya Kijerumani ya Wolfram von Soden, iliyotoka kati ya 1959 na 1981, na mwanafunzi atajifunza mazoea hayo mapema kama atatazama mwaka wa juzuu kabla ya kuitegemea.

Baada ya sarufi na kamusi ndipo mtandao unapokuwa na faida halisi. Tovuti ya CDLI, iliyoasisiwa na Robert Englund wa Los Angeles pamoja na wenzake wa Ulaya, ina kumbukumbu za vibao na vitu vyenye maandishi zaidi ya 300,000, vingi vikiwa na picha au mchoro. Tovuti ya Oracc ni tofauti: humo unafungua barua ya afisa wa Ashuru kwa mfalme wake, unabofya neno, unaonyeshwa umbo lake la kamusi. Tovuti ya Archibab ya Paris inakusanya hati za Kibabeli cha Kale, na maktaba ya Electronic Babylonian Library ya Munich inaunganisha vipande vya fasihi vilivyotawanyika. Kwa njia hiyo Enrique Jiménez wa Munich na Anmar Fadhil wa Chuo Kikuu cha Baghdad walichapisha mwaka 2025 utenzi wa kuisifu Babeli uliokuwa umepotea, wenye mistari ipatayo 250. Hata matamshi yana pa kwenda: Worthington alikusanya kanda za wataalamu wakisoma mashairi ya Kibabeli na Kiashuru kwa sauti, na mwaka 2018 wanafunzi wa Cambridge waliigiza filamu ya hadithi ya maskini wa Nippur kwa Kibabeli chenyewe.

Ubishi mzito zaidi wa siku hizi unahusu mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Israeli walichapisha programu ya akili mnemba inayotafsiri Kiakadi kwa Kiingereza, hata kutoka kwenye alama za kikabari moja kwa moja. Basi kwa nini mtu ajisumbue na masomo 38? Jibu liko ndani ya utafiti wenyewe: mashine ilifanya vizuri zaidi kwa sentensi fupi na za wastani, na kwa maandishi yenye mtindo unaojirudia, kwingine iliweza kutoa sentensi safi ya Kiingereza isiyohusiana na kibao. Asiyejua lugha hawezi kutofautisha hizo mbili. Zaidi ya hapo, ilifunzwa kwa maandishi ya Oracc, ambayo yaliandaliwa na watu waliojifunza kwa taabu hiyohiyo tunayotaka kuikwepa. Nadhani mashine hizi zitakuwa msaada mkubwa kwa Makumbusho ya Uingereza, yenye vibao vipatavyo 130,000, na kwa mtu anayeweza kusoma jibu lake na kusema hapa umekosea. Katika miezi ya kwanza ningeziweka mbali kabisa.

Neno kuhusu mkono. Watoto wa shule za waandishi wa Babeli walianza kwa kuandika tu-ta-ti, nu-na-ni, bu-ba-bi kwenye udongo, kisha orodha za maneno, kisha mithali na mikataba ya mfano. Anayejifunza leo apate kalamu na daftari aandike kila alama mpya mara nyingi, kwa mpangilio wa kabari zake, kwa sababu jicho linalotazama tu husahau haraka. Gharama yake ni daftari moja.

Na anayeuliza lugha hii ina faida gani, ningemwomba atazame barua za Kanesh, katika Uturuki ya leo. Miaka ipatayo 3,900 iliyopita wafanyabiashara wa mji wa Ashuru walisafirisha bati na nguo kwa punda hadi huko, safari ya kilomita zipatazo 1,000, na wake zao walibaki nyumbani wakifuma. Lamassi anamwandikia mumewe, Pushu-ken, kuhusu nguo alizomtumia, sufu inayohitajika na fedha. Huyu si malkia wala kuhani. Ni mwanamke wa biashara anayefuatilia hesabu zake, na sauti yake haipatikani popote ila katika Kiakadi. Vibao vya Kanesh vinakaribia 23,000. Waandishi wake walitumia alama chache, kati ya 100 na 150 hivi, na mara nyingi walitenganisha maneno kwa kabari moja iliyosimama, jambo ambalo ni nadra kwingineko. Mwaka 2020 Cécile Michel alitoa Women of Assur and Kanesh, ambamo mamia ya hati hizo yamewekwa pamoja na unukuzi na tafsiri yake. Lahaja ya hati hizo ni Kiashuru cha Kale, na aliyemaliza Kibabeli cha Kale ataizoea kwa wiki chache. Huko ndiko ningempeleka kwanza aliyefunga somo la 38, kabla ya Gilgamesh: afunike tafsiri kwa karatasi, asome barua ya Lamassi mstari kwa mstari, kisha aifunue na kulinganisha.